Uliza Anti wa Mzunguko: Huo utani wa jadi unaanzia wapi na kuishia wapi?

Haya wapwa, wajukuu na mashemeji wa jukwaani, tumekutana tena. Kwa wageni, mi ndo Anti, nakaa mzunguko, zile siti za bei rahisi, pale Uwanja wa Mkapa tangu unafunguliwa 2007, kabla ya hapo nilikuwa nabanwa mbavu Uwanja wa Uhuru ambao wengine mpaka leo tunauita Shamba la Bibi, na timu yangu ni Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa 1988, kwahiyo msije kuniambia navutia upande wa Msimbazi (Simba) au wa Jangwani (Yanga). Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu shabiki aliyemwita mchezaji nyani, nikajua nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa mpaka simu inaganda. Nimechukua tano.

*

SWALI: Shikamoo Anti. Nipo Tandika, mpira naangaliaga kibanda umiza, kiingilio jero. Majuzi wakarudia ile klipu ya Vinicius wa Real Madrid anamwonyesha refa kwa kidole mashabiki wanaomwita nyani, kibanda kizima kikachafuka, watu wanawatukana Wahispania mpaka mwenye kibanda akapunguza sauti. Wiki hiyohiyo nikaenda uwanjani na haohao washkaji, winga wa watani ambae ni mgeni wa nchi ya watu akatufunga, basi washkaji wakamwita nyani mweusi karibu dakika kumi nzima, mmoja anaruka anajikuna kwapa. Nikawaambia oya si ndo kilekile? Wakanicheka eti we bado mtoto, huu ni utani wa jadi, alafu mweusi hawezi kumbagua mweusi mwenzie. Nani yuko sahihi?
Mpwa wa Tandika

JIBU: Marahaba mpwa. We ndo uko sahihi, na hao washkaji zako nawapenda lakini wamechanganya chumvi na sukari.

Tuanze na huko Hispania maana watu wengi wameiona klipu ila hawajui iliishaje. Ilikuwa Mei 21, 2023, uwanja wa Mestalla, Valencia wanacheza na Real Madrid. Mechi ikasimama, refa akaenda pembeni, spika ikatangaza, mpira ukaendelea, na Vinicius mwenyewe mwisho wa mechi akaishia kupewa kadi nyekundu (baadae ikafutwa). Watu wakadhani imeishia hapo kama kawaida yao. Lakini Juni 2024 mahakama ikawatia hatiani mashabiki watatu, miezi minane kila mmoja na marufuku ya kuingia viwanjani miaka miwili, na hiyo ndo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo Hispania kwa matusi ya rangi uwanjani. Sasa usikimbie kuwaambia washkaji kwamba walifungwa, kwa sheria za kule mtu asiye na kosa la nyuma akipewa chini ya miaka miwili mara nyingi halali gerezani. Ila jina limeshaandikwa mahakamani, akirudia tu ana kesi na nchi.

Na nyani haikuanza jana. 1988 John Barnes wa Liverpool alirushiwa ndizi kwenye mechi na Everton, kuna picha yake maarufu anaisogeza kwa kisigino kama anapiga pasi ya nyuma. 2014 Dani Alves akarushiwa ndizi Villarreal akaiokota akaila, akapiga kona yake. Tulicheka wote siku ile, mi pia nilicheka, lakini hebu fikiria, mtu kaenda kazini kwake anarushiwa chakula cha mnyama na anayetegemewa kuonyesha akili ni yeye.

Sasa hili la utani. Mpwa, watani ni nani? Sisi watu wa nchi hii utani tunaujua kuliko wanavyoujua wazungu, Mzaramo na Msukuma, Mzaramo na Mnyamwezi, wametaniana tangu enzi za misafara inashuka Pwani. Na utani una masharti yake. Kwanza ni wa pande mbili, ukinitania na mi nakutania, kwa lugha tunayoelewana wote. Pili mtani ana kazi, ukifiwa yeye ndo anakuja msibani kuchekesha, kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na jembe la kaburini anashika. Huyo winga kaja juzi na begi lake, Kiswahili anajua mambo na poa, hajui hata hicho mnachomwambia mpaka aone unajikuna kwapa, ndipo anaelewa, maana hiyo ishara inaeleweka dunia nzima. Akifiwa na mama yake huko kwao kesho nani kati ya hao washkaji atakwenda? Basi huo utani hamna, mmemtukana mgeni.

Utani wa Kariakoo upo na mi naupenda. Yanga waite Utopolo, Simba waite Makolo, waimbieni goli tano mpaka msimu uishe, vaeni kanga mzunguke Jangwani na Msimbazi. Hayo yote yanakaa kwenye jezi, na jezi mtu anavua akifika nyumbani. Ngozi analala nayo.

Na hili la mweusi hawezi kumbagua mweusi mwenzie, sijui nani aliwafundisha. Mbona mkitaka kumtukana mtu mnasema mweusi tii kama mkaa, mbona matangazo ya krimu za kung'arisha yamejaa mtaani, wanauziwa wazungu hizo? Hilo tusi la nyani tuliletewa na waliotutawala, walipoondoka tukalihifadhi kabatini, saivi tunalitoa siku ya dabi. Kuna kesi moja nzuri hapa. Oktoba 2011 Luis Suarez wa Liverpool aligombana na Patrice Evra wa Manchester United, akawa anamwita kwa neno la Kihispania linalotaja weusi wake. Utetezi wake ulikuwa eti kwetu Uruguay tunaitana hivyo, ni kawaida, ni kama urafiki. Unausikia utani wa jadi humo ndani? Chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi 8 na faini ya pauni elfu 40. Na klabu yake badala ya kunyamaza ikamkumbatia, wachezaji wenzie wakavaa tisheti zenye picha yake kabla ya mechi. Ilichukua mpaka 2019 kwa Jamie Carragher, mmoja wao, kumwambia Evra uso kwa uso kwenye tivii kwamba samahani, tulikosea. Miaka minane, mpwa.

Washkaji waambie hivyohivyo, kwa upole. Wakikucheka tena badilisha siti.

*

SWALI: Anti habari. Mimi ni Muhindi, nimezaliwa Upanga, baba kazaliwa Upanga, babu ndo alikuja na jahazi. Timu yangu ni moja ya zile mbili za Kariakoo, siitaji kwasababu naipenda. Nina kadi ya uanachama na nipo kwenye grupu la wasapu la tawi. Kila nikienda mzunguko naulizwa "mdosi umepotea, VIP iko kule", mara ponjoro, mara gabacholi, siku tumefungwa nikaambiwa nyinyi ndo mnatuletea mkosi. Kwenye grupu nikiandika maoni kuhusu kocha hakuna anayejibu, ila ikifika michango ya basi la kwenda mikoani naanza kutajwa mimi, eti "mzee wa duka upo?" Mi sina duka Anti, nimeajiriwa, mshahara tarehe 25 kama wao. Niache kwenda?
Mwanachama wa Upanga

JIBU: Hapo kwa duka nimecheka alafu nikaona aibu, maana na mi nina jirani yangu wa Kisutu kila harusi namfikiria yeye kwanza kwa kadi.

Usiache kwenda. Lakini nikuelezee kidogo hicho kitu kimetoka wapi, kwasababu hao vijana wanaokwambia VIP iko kule wengine hawajui kama wanaongea lugha ya mkoloni. Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi, tena kwa ramani. Wazungu walikaa kule upande wa baharini wenye miti, Wahindi wakakaa katikati kwenye maduka, Uhindini, Waafrika wakapelekwa Kariakoo, na hilo jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Katikati ya Uhindini na Kariakoo kukaachwa uwazi usijengwe, watu wasichanganyike. Ndo Mnazi Mmoja hapo. Watu leo wanapumzika pale wanakunywa maji ya dafu hawajui kama wamekalia mpaka.

Timu zetu zimezaliwa ndani ya mji huo. Young Africans 1935, jina lenyewe linakwambia kitu. Mwaka unaofuata wakaja wale waliokuwa wakibadili majina, Queens, Eagles, Sunderland, mpaka 1971 wakawa Simba. Wazee wa Kariakoo wakianza hadithi watakwambia timu ile ilikuwa karibu zaidi na Waarabu na hii ya Waafrika, na watabishana hivyo mpaka asubuhi, wewe waachie. Ninachojua mimi ni kwamba jukwaa la leo halikai hivyo tena, kila nyumba imegawanyika, mume kijani mke nyekundu.

Sasa kinachoniudhi ni hiki. Simba mwekezaji wao ni Mohammed Dewji, Yanga mwenyekiti wao aliyewalisha miaka ya 2012 mpaka 2017 alikuwa marehemu Yusuf Manji, na jukwaa lote liliwaita wetu, mwenzetu, mwana Msimbazi, mwana Jangwani. Wote hao ni Watanzania wenye asili ya Bara Hindi kama wewe. Kwahiyo Muhindi akitoa bilioni ni mwananchi, Muhindi akikata tiketi ya mzunguko amepotea njia. Hapo mtu anabagua mfuko, na huo ni ubaguzi wa rangi uliovaa suruali nyingine.

Uingereza wana Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi wengi ajabu na bado kwenye ligi zao wachezaji wenye asili hiyo wa kuhesabu, unamkuta Hamza Choudhury na wachache wengine basi. Mashabiki wakachoka kusubiri wakajipanga wenyewe, Wolverhampton wana Punjabi Wolves, Derby wana Punjabi Rams, wanakwenda na ngoma zao, wana bendera yao, wanakaa jukwaani na wenzao. Sikwambii uanzishe tawi la Wahindi, mi nisingependa maana tutarudi Mnazi Mmoja tena. Ila njoo na ndugu zako wanne watano, sio peke yako. Mtu mmoja ni mgeni, watano ni kundi.

Na kwenye grupu andika hivi, nimekuandikia kabisa: "Wakuu mchango wangu ni sawa na wa memba yeyote, na maoni yangu kuhusu kocha nayo ni sawa na ya memba yeyote." Wasipojibu mpigie mwenyekiti wa tawi, kadi yako ina namba kama yake. Katiba ya nchi ibara ya 13 imekataza kubagua mtu kwa rangi, kabila, dini au pahali alipotokea, sijui kama tawi lenu liliwahi kuisoma.

Nikishasema hayo, na we kaka niambie ukweli, pale kwenu Upanga yule kijana wa kazi anayewapikia mnamwitaje akiwa hasikii? Neno golo tunalijua. Ukiwa unapambana mzunguko pambana na mezani kwenu pia, ndo nitakuheshimu mara mbili.

*

SWALI: Anti mambo. Mi refa wa mchangani, Kinondoni huku. Huku hatuna spika, hatuna kamera, hatuna polisi, tuna filimbi na dua. Wiki jana beki mmoja Mrundi alizomewa kwa milio ya nyani na watu wa pembeni, nikajifanya sijasikia maana nilitaka kufika nyumbani salama. Najisikia vibaya. Ningefanyaje?
Refa

JIBU: Poa mwanangu. Nakuelewa, na sikulaumu sana, nimeona marefa wa ndondo wanaondoka kwa bodaboda mechi haijaisha.

Ila utaratibu upo na hauhitaji spika. Wakubwa wana hatua tatu: unasimamisha mechi na kutangaza, wakiendelea unawatoa wachezaji kwa muda, wakiendelea tena mechi inavunjwa. Mei 2024 kwenye mkutano wa FIFA kule Bangkok wakapitisha na ishara, mchezaji anapishanisha mikono msalaba kwenye vifundo vya mikono, refa anajua huyu anabaguliwa. Na inafanya kazi wakitaka: Januari 20, 2024 kipa wa Milan, Mike Maignan, alifanyiwa milio ya nyani Udine, akamwambia refa mara ya kwanza, ikarudiwa, akatoka, wenzie wote wakamfata. Walikaa ndani dakika kadhaa wakarudi wakashinda 3-2.

Huko mchangani fanya hivi. Piga filimbi, mpira ushike mkononi usiuache chini. Ita makapteni wawili na makocha, waambie kwa sauti ya kawaida, nimesikia hiki, yanatoka upande ule, nendeni mkaongee na watu wenu, mpira hauanzi. Usiende wewe kwenye kundi! Kapteni ni mtoto wa mtaa, wanamjua, atawatuliza kuliko wewe na kadi zako. Na watu walioweka dau lao kwenye mechi watakuwa wa kwanza kuwanyamazisha hao wapiga kelele, we utaona. Ikirudi tena peleka timu pembeni dakika tano. Alafu kwenye ripoti andika maneno kama yalivyosemwa, usiandike "lugha isiyo ya kiungwana", hiyo haimfungi mtu.

Na huyo beki mtafute umpe pole. Anajua ulisikia.

*

SWALI: Shikamoo Anti, mi ni mwenyekiti wa tawi maeneo ya Kariakoo karibu na Mtaa wa Kongo. Mtaani kwetu kuna kila mtu, Wakongo wanaokuja kununua mzigo, Wachina wenye maduka, Waarabu, Wahindi, Wasomali, Wapemba, na wote wanapita mbele ya tawi letu kila siku hawaingii. Kwenye mitandao naona klabu za Ulaya zinafanya mambo na jamii za kwao mpaka futari uwanjani. Sisi tukiwa kwenye ile wiki ya klabu tunachangia damu na tunapeleka sabuni na unga kwa yatima, tunapiga picha basi. Tuongeze nini?
Mwenyekiti

JIBU: Marahaba mwenyekiti. Damu endeleeni kuchangia, hospitali inaihitaji na damu haina jezi. Yatima nao endeleeni, ila hizo picha mngepunguza, unakuta mtoto mmoja na mfuko mmoja wa unga wameshikwa na watu kumi na nne.

Hizo za Ulaya ni kweli. Mei 2022 Blackburn Rovers waliruhusu swala ya Idi kuswaliwa uwanjani kwao Ewood Park, juu ya majani kabisa, na walikuwa klabu ya kwanza kule kufanya hivyo. Machi 2023 Chelsea wakafuturisha pembeni ya uwanja, Stamford Bridge, adhana ikasikika humohumo. Ukisikia hivyo unaweza ukasema aa hao wana hela. Lakini angalia sababu. Blackburn ni mji wenye Waislamu wengi sana wenye asili ya India na Pakistani, wanaishi hatua chache kutoka uwanjani, na miaka yote walikuwa wakiusikia uwanja unapiga kelele hawaingii. Kama hao wanaopita mbele ya tawi lako. Klabu ilikuwa na viti vitupu na majirani wasiokuja, ikajiuliza kwanini.

Hata dogo kama hili: Aprili 2021 Leicester wanacheza na Crystal Palace, jua limezama, Wesley Fofana wa Leicester na Kouyate wa Palace wote wamefunga, kipa wa Palace akachelewesha goli kiki makusudi wale wakaenda pembeni wakanywa maji wakala kitu. Sekunde chache tu. Fofana akashukuru hadharani baadae na dunia nzima ikaandika. Sisi huku hilo tunalifanya bila hata kutangaza, mechi za Ramadhani zinapangwa usiku, watu wanafuturu kwanza, Mkristo anashikilia siti ya Muislamu aliyekwenda kuswali, kwahiyo usijione uko nyuma kwa kila kitu. Kwenye dini mtaa wetu una cha kuwafundisha. Kwenye rangi na ugeni ndo tunachechemea.

Sasa we mwenyekiti unataka kujua ufanye nini. Mi ningeanza na mlango. Hebu simama nje ya tawi lako kama vile humjui mtu. Unaona nini? Wanaume ishirini kwenye viti vya plastiki wanapiga kelele, wanacheza drafti, wanamshangaa kila anayepita. Mimi mwenyewe Anti na umri huu nikipita nashika mtandio. Mkongo aliyekuja na bando zake tatu ataingiaje hapo? Weka mtu mmoja wa kukaribisha, mwanamke ikiwezekana, kazi yake hiyo tu siku za mechi.

Alafu acha kuwaalika kama wageni rasmi. Ukimwalika Mchina ukamkalisha mbele ukampa maiki aseme "Tanzania nzuri" watu wakapiga makofi, umefanya maonyesho, kesho harudi. Mkongo mnae jambo moja kubwa la kuanzia nae, mpira wenyewe! Fiston Mayele katoka kwao akaja Yanga akatetema hapa kila akifunga mpaka watoto wa chekechea wakawa wanatetema, na Samatta wetu kabla ya Genk na Aston Villa alikwenda kutengenezwa Lubumbashi, TP Mazembe. Muulize yeye anamfahamu vipi Samatta alipokuwa kule, atakueleza vitu hujawahi kusikia, na hapo ndo keshaingia hajui hata ameingia saa ngapi.

Tatu, na hili ndo gumu. Siku memba wako atakapomtukana huyo mgeni uliyemkaribisha, maana atamtukana tu, utafanya nini? Kama huna jibu saivi usianze kuwaalika watu. Klabu ya St. Pauli ya Hamburg, Ujerumani, iliweka tangu miaka ya tisini mwanzoni kwenye kanuni za uwanja wao kwamba mambo ya kibaguzi humo ndani marufuku, na mashabiki wenyewe ndo waliosukuma, sio polisi. Andikeni kwenye kanuni za tawi: kosa la kwanza unamwomba msamaha uliyemtukana, mbele ya wote, kosa la pili basi la mikoani hupandi msimu mzima. Basi, Mwenyekiti, basi ndo linauma! Watu wetu faini wanalipa, ila kukosa safari ya mkoani na wenzake wanaimba njia nzima, huyo atakumbuka.

Kuna na jambo nililipenda Manchester 2021. Uingereza walipofungwa kwa penati na Italia fainali ya Ulaya, Rashford, Sancho na Saka ndo waliokosa, vijana weusi watatu, usiku uleule mitandao ikajaa matusi, na picha kubwa ya Rashford iliyochorwa ukutani mtaa wa Withington ikachafuliwa. Asubuhi watu wa mtaa wakaanza kubandika vikaratasi juu ya uchafu, watoto wanaandika barua, mioyo, bendera, mpaka ukuta ukafunikwa. Klabu haikuwatuma. Majirani walitoka tu na gundi. Ukifika siku majirani wa Mtaa wa Kongo wanatoka na gundi yao kwa ajili ya mchezaji wenu, nipigie simu nije nipige picha, hiyo hata mimi nitaiposti.

*

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume miaka 11 mwenye ualbino. Anapenda mpira kufa. Kocha wa timu ya watoto hapa Mbezi hamkatazi ila anamuweka nje kila siku eti jua, wenzie wanamwita zeruzeru, na wazazi wengine wanasema wao wanaogopa asije akaumia wakalaumiwa. Jana aliniuliza mama mi ni mzungu au ni mtu mweusi. Nikakosa jibu.
Mama wa Mbezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hii meseji nimeisoma nikaenda kufua kwanza ndo nikarudi.

Watu wakisema ubaguzi wa rangi wanafikiria mzungu na mweusi, lakini hapa kwetu mtu aliyeumizwa zaidi kwa sababu ya rangi yake ni mwanao na wenzie, na hakuna Mhispania aliyehusika. Zeruzeru ni tusi, kocha alipaswa kulizima siku ya kwanza. Mwambie mtoto yeye ni mweusi kama mama yake, ngozi yake tu haikupata ile rangi ya kumkinga na jua.

Jua ni kweli, kocha hajadanganya hapo, lina madhara makubwa kwa ngozi yake. Lakini jua lina saa zake. Mazoezi yaanze saa kumi na moja jioni au asubuhi saa kumi na mbili na nusu, na hilo halimuumizi mtoto mwingine yeyote, tena wote wanacheza vizuri pasipo joto. Jezi ya mikono mirefu, soksi ndefu, mafuta ya kuzuia jua kabla hajatoka na tena wakipumzika. Macho ndo muhimu watu wanasahau, wengi wenye ualbino hawaoni mbali na mwanga unawaumiza, kwahiyo mpira wa juu kutoka mbali unaweza kumpiga hajauona, kocha amfundishe kucheza karibu, pasi fupi za chini, na wenzie waite jina lake kabla ya kumpa. Hii ya kuita jina ifanywe na timu nzima, makocha wakubwa wanaililia kila siku.

Na mwambie kocha kwamba hapa hapa Dar iliwahi kuwepo timu nzima ya watu wenye ualbino, Albino United, walicheza mechi zao watu wakaja kuwaangalia, wakati ambao wenzao walikuwa wanauawa kwa ajili ya ushirikina. Walicheza hadharani wakati ule. Kwahiyo asikwambie haiwezekani.

Kwa wazazi wanaoogopa kulaumiwa, nenda kikao cha wazazi ukae mbele, sema mwenyewe hayo ya saa na mafuta na jina, wengi wao hawana roho mbaya, hawajui tu. Wachache wenye roho mbaya utawajua siku hiyohiyo.

Namba yako muachie mhariri. Nina kofia mbili za ukingo mpana, moja nilinunua kwa ajili ya mechi ya mchana nikagundua inamziba aliyekaa nyuma yangu, huyo mtoto ataivaa akiwa benchi anasubiri kuingia. Na uniambie anavaa jezi namba ngapi.